Mahindi ya Njano Jichoni mwa Mwalimu Ndunda

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka wa 2000, saa nne kasorobo asubuhi, Sista Ngina wa kliniki ya macho alimtia Mwalimu Levi Ndunda matone mawili katika kila jicho, akamwagiza akae kwenye benchi mpaka mboni zipanuke. Mwalimu alikaa. Benchi lilikuwa na wazee saba, wote wakitokwa na machozi ya dawa kwa utaratibu mzuri, kama watu waliohudhuria mazishi ya mtu wasiyemjua sana. Zamu yake ilipofika aliingia, akaweka kidevu mahali pa kuweka kidevu, na sista akachungulia.

Alichungulia kwa muda. Kisha akapangusa kioo cha kifaa chake kwa pamba, akachungulia tena.

"Mwalimu," alisema, "uko na sindano ya magunia kwa hili jicho la kulia."

"Nimekuwa nikiona kitu cheusi hapo," Mwalimu alikubali.

"Iko na uzi."

"Hata uzi nimekuwa nikiona."

Sista aliandika kwenye kadi ya buluu: jicho la kulia, sindano ya magunia, moja, pamoja na uzi. Akaendelea. Aliona damu kidogo iliyovuja nyuma ya jicho, jambo alilolitarajia, na kizibo cha soda, jambo ambalo hakulitarajia lakini aliliandika kwa mwandiko uleule. Halafu akaisogeza taa.

"Na mahindi," alisema.

Mwalimu alisogeza kidevu kwenye kifaa.

"Ya njano. Mengi."

Katika nchi kavu ya Mwala alikotoka Mwalimu Ndunda, hakuna mtu aliyepanda mahindi ya njano. Mahindi ya watu yalikuwa meupe, na mwaka ule hata hayo meupe hayakuwapo, kwa kuwa mvua ilikuwa imekosa misimu miwili mfululizo. Mahindi ya njano yaliletwa na lori la serikali tu, katika magunia yaliyopigwa muhuri kwamba hayauzwi. Watu waliyaita mwolyo, yaani chakula cha msaada. Sista Ngina alikuwa mtu wa Kathiani, lakini si lazima mtu azaliwe Mwala ndipo ajue rangi ya mwolyo. Aliandika "mahindi", akasita, akaongeza "ya njano", na Mwalimu akahisi masikio yake yakipata moto.

Masikio yalikuwa bado na hisia. Miguu ndiyo iliyokuwa imeacha.

Mwalimu Ndunda alikuwa amekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, na ugonjwa wa sukari alikuwa nao kwa miaka kumi na mmoja. Aliushughulikia kama alivyowashughulikia watoto watukutu wa darasa la sita: aliukemea, akaupa onyo la mwisho, kisha akageuka kuandika ubaoni. Alikunywa dawa zake. Alikunywa pia chai ya kila nyumba aliyoitembelea, vijiko vinne, kwa sababu mwalimu mstaafu akikataa chai, mwenye nyumba hukaa wiki nzima akijiuliza amemkosea nini. Mwaka wa nane nyayo zikaanza kumwasha kama mtu aliyesimama kwenye njia ya siafu. Mwaka wa tisa siafu wakahama. Mwaka wa kumi akaenda kanisani na viatu vya akala, vile vya tairi, viwili na kufika na kimoja, akapokea ushirika mtakatifu akiwa na mguu mmoja mtupu, na hakujua mpaka mzee wa kanisa alipomnong'oneza.

Tangu siku ile, kitu chochote ambacho mguu ulikikanyaga bila kukihisi kilipanda na kuonekana jichoni. Asubuhi alikanyaga mwiba wa mgunga kwenye boma la mbuzi. Mchana mwiba ukawa unaelea mbele ya ukurasa wa Zaburi. Mkewe, Kalekye, alimkalisha kwenye kigoda, akaushika ule mguu, akautafuta mwiba, akauchomoa. Jicho likawa safi papo hapo. Kalekye hakuona ajabu.

"Si nyumba ni hivyo," alisema akitupa mwiba jikoni. "Mmoja akikataa kazi yake, mwingine anaifanya."

Basi wakawa na utaratibu. Mwalimu akiona kitu kipya jichoni, alivua kiatu na kumpa Kalekye mguu. Vilivyomchoma, Kalekye alivichomoa. Vile alivyovikanyaga tu, kama vizibo na vifungo vya mashati, vilikaa jichoni siku mbili tatu kisha vikafifia vyenyewe. Maisha yaliendelea vizuri. Mwalimu alijua hata kabla ya Kalekye kwamba mbuzi walikuwa wamepoteza kengele njiani.

Ila ile sindano ya magunia alikuwa ameiona siku ishirini na tatu zilizopita, na hakumpa Kalekye mguu. Alivaa soksi. Alilala na soksi. Alipoulizwa alisema ni baridi, katika mwezi wa pili, Mwala.

Alikuwa anajua sindano ile ilitoka wapi.

Kamati ya mwolyo ilikuwa na mwenyekiti, naye ni Kaloki, mwenye ghala na mashine ya kusaga na pikapu ya rangi ya maziwa. Katibu wake alikuwa Mwalimu Ndunda, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma majina siku ya kugawa, kwa sababu sauti yake ilikuwa bado inafika hadi nyuma ya mstari. Lori lilileta magunia, yakawekwa katika darasa la nne. Jumapili moja, baada ya ibada, Kaloki alimwomba Mwalimu aje amsaidie kuyahamishia ghalani kwake, kwa usalama. Magunia yaliyohamishwa hayakuwa yote. Yaliachwa machache, ya kuonekana dirishani.

Mama mzazi wa Kaloki, alipokuwa hai, alikuwa na sheria moja: kiatu hakiingii ghalani, maana kiatu huleta udongo na udongo huleta dumuzi, mdudu anayekula nafaka. Kaloki aliiheshimu sheria ya mamaye kuliko zote alizowahi kusikia. Hata siku ile, watu wakiingiza kisicho chao, walivua viatu mlangoni na kuvipanga mstari. Mwalimu Ndunda akavua akala zake. Ndani, wana wa Kaloki walikuwa wakimimina mahindi kutoka kwenye magunia yenye muhuri na kuyatia katika magunia yasiyo na muhuri, na sakafu ikawa njano kote. Mwalimu alipewa sindano na uzi wa katani ashone midomo ya magunia, kwa kuwa mshono wake ulikuwa nadhifu. Alishona tisa. Alipofika la kumi akajikuta hana sindano mkononi. Aliitafuta kwa vidole, maana macho hayakuwa yakiona chini vizuri.

"Acha, Mwalimu," Kaloki alimwambia. "Atakayeikanyaga atatuambia."

Mwalimu alikuwa ameikanyaga tayari, na mguu haukusema kitu.

Hakupewa gunia, wala hakuomba. Alichokuwa akipata kutoka kwa Kaloki ni safari. Kila mwezi, Jumanne ya pili, ile pikapu ilimchukua mlangoni kwake, ikampeleka mjini Machakos, ikamsubiri, ikamrudisha na vidonge vyake. Bila pikapu asingeweza kwenda, na bila kwenda, daktari alikuwa amemwambia wazi, macho yangezimika. Alipokuwa akishona magunia yale tisa, hakuna aliyetaja pikapu. Haikuwa lazima kutajwa. Ilikuwa imesimama hapo nje, kwenye kivuli.

"Vua viatu," Sista Ngina alisema.

Mwalimu aliangalia mlango. "Sista, hii ni kliniki ya macho. Miguu ni Alhamisi. Kadi yake ni ile ya pinki."

Ndivyo ilivyokuwa. Hospitali ilikuwa na kliniki ya macho upande mmoja wa ukumbi na chumba cha vidonda upande wa pili, na hatua kumi na nne katikati. Macho yalionwa Jumanne kwa kadi ya buluu, miguu Alhamisi kwa kadi ya pinki. Mwalimu, mtu wa ratiba, aliuheshimu utaratibu huo.

"Mwalimu, sukari haijui Alhamisi," sista alisema. "Kuna mishipa midogo ya damu, midogo kuliko unywele. Iko huku nyuma ya jicho, na iko kule chini inalisha neva za mguu. Sukari inaiharibu yote, kimyakimya. Mimi nikiona jicho limevuja hivi, sijui kwa nini nakatazwa kuuliza habari za mguu. Ni kama kuona moshi na kuambiwa moto ni wa ofisi ingine. Vua."

Alivua. Soksi ya kushoto ilitoka. Ya kulia ilikuwa imeshikamana na kisigino, na sista akailowesha kwa maji taratibu mpaka ikaachia. Uzi wa katani ulikuwa umetokeza nje, urefu wa kidole gumba. Harufu ilijaza chumba. Mwalimu hakuhisi maumivu yoyote. Alihisi harufu tu, na aliihisi kama mtu anayesikia jina lake likisomwa mbele ya gwaride.

"Hii imekaa siku ngapi?"

"Siku kidogo."

"Mwalimu."

"Ishirini na tatu."

"Na ulikuwa unaiona kila siku."

"Nilikuwa naiona."

Hakumwuliza kwa nini. Mwalimu angependa aulizwe, ili apate nafasi ya kudanganya. Alikuwa na uongo kuhusu gunia la samadi ambao alikuwa ameutayarisha vizuri. Sista alimshika mkono, akamvusha zile hatua kumi na nne, akampeleka kwa Muindi, afisa wa vidonda, aliyekuwa akinywa chai.

"Leo ni Jumanne," Muindi alisema.

"Ambia mguu," Sista Ngina alimjibu.

Muindi aliweka kikombe chini. Aliishika sindano kwa koleo ndogo akaivuta, nayo ikatoka na uzi wake wote. Sista alikuwa amesimama na tochi yake kwenye jicho la Mwalimu, akaiona ikitoka na huko pia. Muindi alisafisha kidonda, akakata nyama iliyokufa, akasema mguu ungepona ukiangaliwa, lakini kama angekawia wiki mbili zaidi wangekuwa wanazungumza habari ya msumeno. Kisha akaandika kadi ya pinki, akaweka tarehe ya Alhamisi ili mambo yasiharibike.

"Na mahindi?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

Sista alichungulia tena. "Mahindi yapo."

Walimkagua wayo wote, vidole, katikati ya vidole. Hapakuwa na punje hata moja. Mahindi hayakuwa yamemchoma. Alikuwa ameyakanyaga tu.

"Kizibo nacho kimeanza kwenda," sista alisema. "Kitaisha. Lakini hii mahindi imekaa kama imejenga."

Mwalimu alielewa. Kizibo hakikuwa na mwenyewe.

Pikapu ilikuwa ikisubiri nje ya lango. Kaloki alimsaidia kupanda, akamfungia mlango kwa upole, akamtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Dawa ya matone ilikuwa bado haijaisha nguvu, mboni zilikuwa wazi kama madirisha ya kanisa, na jua la saa saba liliingia moja kwa moja.

"Hiyo macho yako leo inang'aa, Mwalimu," Kaloki alisema. Akawasha gari. Walifika Mwala wakizungumza habari za bei ya mbuzi.

Kesho yake Kaloki alituma miwani nyeusi, mpya, ndani ya kifuko chake. Ni ya vumbi, mjumbe alisema. Mwalimu aliivaa. Ilimsaidia hasa upande wa kuku, maana tangu asubuhi kuku wa Kalekye walikuwa wakimfuata kila alipokwenda, wameinua shingo, wakimtazama usoni kwa matumaini.

Kalekye alisoma kadi ya pinki akiwa amesimama mlangoni. Alisoma "sindano ya magunia" mara mbili, kisha akasoma kadi ya buluu. Alimvua mumewe miwani kwa mikono miwili kama mtu anayefunua chungu kuona kama chakula kimeiva. Alitazama. Akamrudishia miwani puani, akaenda kuketi.

"Watu wananiuliza kisimani," alisema baadaye. "Wananiuliza, bibi ya katibu, mwolyo itagawiwa lini? Na mimi ninawaambia haijafika yote. Ninawaambia hivyo na mdomo wangu huu."

"Kalekye."

"Nilikuwa nafikiri ni ukweli. Ndio maana nilikuwa naisema vizuri."

"Ni ile pikapu," Mwalimu alisema. "Nikikosa ile pikapu nitakuwa kipofu."

"Najua," Kalekye alisema. "Sasa umeipata, na unaona nini?"

Alichokuwa akiona ni mahindi.

Mkuu wa tarafa alikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata, kwa ajili ya baraza. Watu waliketi kwenye uwanja wa shule, waliokuwa na nguvu za kuketi wima upande wa mbele. Wambua, mwenye mkokoteni wa punda, alisimama akasema kwamba yeye na punda wake walisaidia kupakua magunia siku ile lori lilipokwama kwenye mchanga wa mto, na punda huwa hasahau uzito, na uzito ule haukuwa wa magunia yaliyo darasa la nne. Watu walicheka kidogo, kwa heshima ya punda. Kaloki akasimama. Akaeleza habari za panya, na habari za unyevu katika nchi ambayo haikuwa imeona mvua tangu mwaka juzi. Akamaliza kwa kusema kwamba katibu wa kamati, mtu aliyewafundisha karibu wote waliokuwa pale, angethibitisha.

Mwalimu Ndunda alisimama. Kidonda hakikumuuma. Alitazama mbele, akaona uwanja wa njano na watu wa njano. Alikuwa ameamua, wakati akivaa koti, kwamba angesema. Alikuwa na sentensi tatu fupi. Alifungua kinywa.

"Bwana mkuu," alisema, "wageni waalikwa, wazazi. Kwanza tunashukuru kwa kututembelea."

Akasikia kinywa chake kikiendelea kushukuru. Kilishukuru serikali, kikashukuru hali ya hewa tulivu. Kilikuwa kinywa cha mwalimu mkuu wa miaka kumi na tisa na kilijua njia yake chenyewe, kama punda. Kalekye, aliyekuwa ameketi upande wa akina mama, aliinamisha kichwa. Mwalimu alipoona kichwa kile kinainama alijua kwamba sentensi zake tatu hazingetoka, si leo, pengine si siku nyingine. Basi akanyamaza, akainua mkono, akavua miwani.

Mkuu wa tarafa alikuwa mtu mwenye bidii. Aliinuka kwenye kiti chake, akasogea, akachungulia jicho la kulia.

"Naona mahindi," alisema.

Akainama zaidi.

"Ni ya serikali?"

"Ndiyo, bwana mkuu."

"Si ya kuuzwa?"

"Si ya kuuzwa."

Mkuu wa tarafa alimwita karani wake aje na fomu. Walisoma fomu pamoja. Fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika mahali chakula kilipopatikana, na mahali palipotambuliwa palikuwa ghala, darasa, gari, au mengineyo ya kufungika kwa kufuli. Karani alilitazama jicho kwa makini kuona kama linaweza kutiwa kufuli. Wazo la pili lilikuwa kuchukua mahindi kama ushahidi, lakini yasingeweza kuchukuliwa bila kumchukua Mwalimu, na Land Rover haikuwa na nafasi. Hakuna aliyewaza kwenda kuangalia ghala, kwa maana lalamiko lilikuwa kwamba mahindi hayaonekani, na sasa yalikuwa yameonekana.

Mwishowe mkuu wa tarafa aliipongeza kamati kwa kuyahifadhi mahindi mahali pasipofikiwa na panya wala unyevu, akaomba wananchi wawe na subira, akaondoka kabla ya jua kuwa kali.

Mwalimu alibaki amesimama na miwani mkononi, akingoja kitu kimwangukie. Alingoja Kaloki aje kumtukana. Kaloki alikuja, akampangusa vumbi begani.

"Mwalimu, ile Jumanne ya pili nitakupitia kama kawaida," alisema. "Saa kumi na mbili unusu. Usisahau ile kadi ya buluu."

Na kweli alimpitia, Jumanne ile na zilizofuata. Mwalimu alipanda. Kila mara aliapa hatapanda, na kila mara mlango ulifunguliwa akapanda. Mguu ulipona, ukaacha kovu kama sarafu ndogo kwenye kisigino. Jicho halikupona. Sista Ngina alisema mahindi yalikuwa yamesogea mbele, na kwamba nyuma yake damu ilikuwa ikivuja ambayo angependa kuitibu lakini hakuwa akiiona. Aliomba kwa barua macho na miguu viangaliwe siku moja. Alijibiwa kwa barua iliyomkumbusha kwamba miguu ni Alhamisi.

Mwolyo haikugawiwa. Mwezi wa tano Kaloki alisimama mbele ya kanisa, wakati wa matangazo, akasema kwamba kamati imesikia kilio cha wananchi. Kwa kuwa watu wengi walitaka kuhakikisha kwamba mahindi yao yako salama, wenye kadi za mwolyo wangeruhusiwa kwenda kuyaona nyumbani kwa katibu kila Jumatano, kuanzia saa tatu. Wapange mstari. Wasisukumane.

Walikuja. Kalekye alitoa kigoda akakiweka nje, mahali penye mwanga mzuri, na Mwalimu akaketi. Alikuwa na orodha, lakini hakuweza tena kuisoma, basi alisoma majina kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya asubuhi darasani. Kila aliyeitwa alisogea na kadi yake, akainama, akatazama. Walitazama kwa adabu, hawakumgusa. Wengine walisema yanaonekana mazuri. Wengine walisema yakipikwa na maharagwe yangetoa isyo nzuri sana, halafu wakanyamaza, kwa maana isyo ni chakula cha kila siku na walikuwa wameanza kukisahau. Wambua alitazama, akasema punda wake alikuwa sahihi. Wote, walipomaliza, walisema asante, Mwalimu.

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Angeyapokea, angeyahesabu kama viboko, angejua yataisha lini. Asante haikuwa na mwisho. Kila asante ilimwingia mahali ambapo hisia zilikuwa zimebaki nyingi kuliko alivyodhani.

"Nisamehe," alimwambia wa kwanza, siku ya kwanza, kwa sauti ambayo haikufika popote.

"Ati?" yule aliuliza.

"Nimesema habari ya nyumbani."

"Ni nzuri, Mwalimu."

Jumatano ya nne mstari ulikuwa mfupi, kwa kuwa baadhi ya waliokuwa kwenye orodha hawakuweza tena kutembea mpaka pale, na wawili walikuwa wamezikwa. Mwalimu aliyasoma majina yao kwa mazoea, akangoja, akaendelea. Akafika kwa Nzilani wa Ndolo, mama kijana kutoka upande wa mto mkavu, akamsikia akisogea na nyayo ndogo pembeni yake.

"Nimekuja na huyu," Nzilani alisema. "Amekuwa akisumbua. Anataka kuona."

"Jina lake nani?"

"Mbithe. Ana miaka minne."

Nzilani alimwinua. Mtoto alikuwa mwepesi sana, hakuhitaji kuinuliwa kwa mikono miwili, na pumzi yake ilimfikia Mwalimu shavuni. Alitazama kwa muda mrefu. Watu nyuma walisubiri.

"Mwaitu," alimwuliza mama yake, "yetu ni gani?"

Nzilani alifikiri. Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo kabla.

"Chagua," alimwambia.

Mtoto akaanza kuchagua. Aliifanya kazi ile kama watoto wanavyochagua peremende dukani, akianza na moja na kuiacha, akirudi kwa ile ya kwanza, akilinganisha. Mwalimu Ndunda alikaa wima kwenye kigoda. Jicho lilianza kumkauka, kisha likaanza kuwasha. Hakulipepesa, asije akamchanganya.

"Hii," mtoto alisema hatimaye.

"Haya, sema asante."

"Asante."

Nzilani alimshusha, akaihifadhi kadi yake, na Mwalimu akaita jina linalofuata.